Deni Lisiloandikwa Daftarini

Je, ni wajibu kununua kwa jirani hata akiuza ghali? Kwetu Minago, mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti ndagala, na baba hushinda ufukweni bila kipato. Siku hizo mama mmoja mwenye duka hutukopesha mchele. Likizo iliyopita nilishuka kwenye basi la Bujumbura na katoni ya sabuni ya bei nafuu, nikapita mlangoni pake. Alinisalimu tu. Mchele tulikwisha kuulipa. Subira yake hatujailipa, nayo imo ndani ya bei yake. Simlaumu maskini anayetafuta nafuu. Lakini anayehesabu faida ahesabu yote: duka lile likifungwa, masoko ya Bujumbura hayatatukopesha mbalamwezi ikirudi.