Kabla ya Kuanua Matanga

Ndugu msikilizaji wa Ngara na Biharamulo, udongo wa kaburi haujakauka, shemeji anauliza ufunguo wa stoo uko wapi. Wifi ameshafungua kabati, anajipima vitenge vya mjane. Na hao ndio waliolia kwa kugaagaa! Marehemu aliugua muda mrefu bila kuletewa hata kilo ya sukari. Leo ndugu wanajua idadi ya mikungu iliyo shambani mwake.

Ukiuliza, unaambiwa ni mila: mali ni ya ukoo, si ya mwanamke. Haya, tuitazame hiyo mila kwa jirani zetu wa Muleba. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mtu wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia mahakamani: mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba ubaguzi huo unakwenda kinyume cha Katiba, na mauzo yakabaki halali.

Nawe uliyependekezwa na kikao cha ukoo, mahakama ikakuthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi, hujarithi kwa cheo hicho. Kazi yako ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi, kisha kupeleka hesabu mahakamani. Ile kadi ya pikipiki uliyoificha chini ya godoro, iandike kwenye orodha leo.