Mbolea ya Kupandia

Mfuko ulikuwa na namba tatu, kama mifuko yote ya mbolea, iwe kwenye duka la pembejeo kule Mwanza au kwenye duka kubwa la vifaa vya nyumbani nilimosimama jioni moja ya mwisho wa Agosti, hapa kaskazini mwa Minneapolis. Namba ya kwanza ni naitrojeni, inayokuza majani. Ya tatu ni potasiamu. Ya katikati ni fosforasi, chakula cha mizizi michanga, ndiyo maana kwetu mbolea yenye fosforasi nyingi huitwa mbolea ya kupandia na ile ya naitrojeni huitwa ya kukuzia. Kwenye rafu ile, karibu mifuko yote ilikuwa na sifuri katikati. Mmoja tu haukuwa na sifuri, ule uliochorwa miche midogo ya kijani.

Sifuri zile zina sababu. Jimbo la Minnesota linazuia kisheria mbolea yenye fosforasi kwenye bustani za majani za nyumbani, na tangu 2005 sheria hiyo inahusu jimbo zima. Lakini imeacha milango michache. Mmoja ni wa mtu aliyepima udongo wake akakuta una upungufu. Mwingine ni wa mtu ambaye majani yake ni mapya, yaani yako katika msimu wake wa kwanza. Mimi nilikuwa na majani mapya, au nilikuwa karibu kuwa nayo. Mwezi Julai mafundi walichimba mtaro kutoka ukutani hadi barabarani kubadilisha bomba la majitaka, na walipoondoka waliniachia udongo mtupu wa kama mita za mraba mia moja mbele ya nyumba. Kwa hiyo mfuko ule ulikuwa halali yangu kabisa. Nilihitaji kiasi kidogo tu, na ulikuwa wa bei nafuu.

Niliununua. Nikafanya kama jirani yangu alivyonielekeza, mzee mstaafu ambaye uwanja wake unafanana na kitambaa cha meza ya biliadi. Ndiye aliyeniambia kwamba huku majani hupandwa kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba, udongo ukiwa bado na joto na jua limeanza kupunguza ukali, ili mche uwe na mizizi kabla ardhi haijaganda. Alinikopesha reki yake na kigari cha kumwagia mbolea. Nilisawazisha, nikasia mbegu, nikapitisha mbolea, nikamwagilia. Usiku ule ikanyesha mvua ambayo utabiri haukuitaja. Asubuhi nilikuta mifereji midogo imechorwa kwenye udongo wangu, yote inaelekea barabarani, na ukingoni mwa barabara kuna mstari wa mbegu na chembechembe za mbolea umesimama mbele ya tundu la maji ya mvua. Karibu na tundu hilo pamebandikwa kibao kidogo kinachosema kwamba maji haya yanakwenda mtoni.

Kuna jambo sijalisema. Wiki ileile nilikuwa nimepeleka udongo kupimwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Sikusubiri majibu. Msimu ulikuwa unakimbia, na jirani alikuwa akinitazama kutoka barazani kwake. Majibu yalipokuja yalionyesha kwamba fosforasi ya udongo wangu ipo juu sana, kama ilivyo kwa udongo mwingi wa huku. Bustani yangu haikuhitaji hata chembe moja. Nilimwaga kwanza, nikajua baadaye.

Je, nilikosea? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko linavyostahili, labda, maana kosa lenyewe linaenea kwenye viganja viwili. Sheria iliniruhusu. Hakuna aliyeumia ninayeweza kumtaja jina. Fosforasi si sumu, ni chakula, na hilo ndilo tatizo lake: ikifika kwenye maji inalisha mwani kama inavyolisha mizizi. Mwani ukistawi kisha ukafa, unapooza humaliza hewa ya majini na samaki hukosa pumzi. Mto wenyewe ni Mississippi, unapita kilomita chache kutoka kwangu. Chini kidogo tu, jiji la Minneapolis linachota humo maji yake ya kunywa. Mbele zaidi mto unatanuka na kuwa ziwa liitwalo Pepin, ambako mwaka 1988, katika kiangazi cha ukame, mwani ulifunika maji na samaki wakafa. Lakini Pepin ilikuwa na waliomwaga wengi, mashamba na mitambo ya majitaka, na viganja vyangu viwili humo si kitu. Kila mtu anayeishi juu ya mto anaweza kusema hivyo bila kusema uongo.

Ningeweza kuishia hapo na kulala vizuri kama nisingekuwa mtoto wa mvuvi.

Baba alivua dagaa na sangara katika Ziwa Victoria, na mzigo wake aliuuza Mwaloni, Kirumba. Nilipokuwa mdogo ziwa lilivamiwa na magugu maji. Mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulisambazwa duniani kwa sababu una ua zuri la zambarau, na watu waliupenda kwenye mabwawa ya bustani zao. Ziwani kwetu ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na ukakuta meza imeshaandaliwa: naitrojeni na fosforasi zinazoshuka na mito kutoka mashambani na mijini. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na siku ambazo ungetazama ghuba ukadhani ni shamba. Usiku mmoja upepo ulisukuma zulia lile likauzunguka mtumbwi wa baba. Hakupiga kasia, kasia halikufika kwenye maji. Alikata kwa panga na kuvuta kwa mikono hadi saa sita mchana wa siku iliyofuata. Mama alikuwa amekaa ufukweni tangu alfajiri, khanga kichwani, haongei na mtu. Aliporudi, mikono imevimba, baba alikula ugali bila neno, kisha akasema jambo ambalo wakati ule sikulielewa: kwamba angalau mwizi wa nyavu unaweza kumlaani.

Alikuwa na maana kwamba hapakuwa na wa kumlaani. Nani alitaka mtumbwi wake ukwame? Aliyependa ua la zambarau hakutaka. Mkulima aliyeweka mbolea kidogo ili mahindi yake yapone hakutaka, na huyo alikuwa na haki kuliko mimi, maana alikuwa analisha watoto. Miaka hiyo waliletwa fukusi wadogo wanaokula mmea huo, na kwa muda magugu yalipungua sana. Lakini siku ile ya mama ufukweni iko palepale, na ukiitafuta kwenye mkono wa mtu mmoja huipati. Ni viganja viwiliviwili.

Mwaka huu mama alikuwa kwangu, tangu Juni. Yeye ndiye aliyenifanya nitazame upande wa pili wa kazi hii, upande wa magugu. Udongo ulipochimbwa Julai, haukuchukua wiki mbili ukaota mchicha. Si kwamba ulifanana na mchicha. Ni wa ukoo uleule, na hapa umo kwenye orodha ya magugu sugu. Mama alichuma kila asubuhi. Akaukaanga na kitunguu na karanga, na wanangu, ambao mboga za dukani huzisogeza pembeni ya sahani, walikula. Siku nilipoung'oa wote ili nisie mbegu, alisimama kwenye ngazi akiniangalia.

"Baba, unang'oa mboga ili upande nini?"

"Majani, mama."

"Utafuga ng'ombe?"

Nilimweleza habari za manispaa na majirani. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza mila za watu. Kisha akaniomba mche mmoja tu, ule wa karibu na ngazi, usiguswe.

Mzee jirani naye alikuwa na hoja zake, na sitaki kumfanya mchekeshaji. Sehemu ya zamani ya uwanja wangu imejaa dandelioni, lile ua la njano linalogeuka kuwa mpira wa manyoya meupe, na kuna mtambao wenye majani ya mviringo na harufu ya mnanaa ambao hupita chini ya uzio kwenda kwake. Yeye hutumia jasho na pensheni kwenye uwanja wake. Kila manyoya yanayopeperuka kutoka kwangu ni kazi ninayompa. Akaniambia kwa upole kwamba wakati wa kuyamaliza ni kabla ya baridi, mwanzoni mwa Oktoba, na akanitajia dawa.

Nilisoma namna inavyofanya kazi, na tangu hapo sikuitazama chupa kwa jicho lilelile. Msingi wake ni 2,4-D, dawa iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1940, na hata wakulima wa mahindi kwetu wanaijua. Inaiga homoni ya ukuaji ya mmea wenyewe. Mimea ya majani mapana hukua ovyo, hujipinda, na kufa kwa kukua; nyasi husalimika. Inapendelewa kabla ya baridi kwa sababu wakati huo magugu ya kudumu yanateremsha chakula kutoka kwenye majani kwenda kuweka akiba mizizini, na dawa hushuka pamoja na akiba hiyo. Mmea unauawa na busara yake. Sisemi kwamba mmea una haki ya kuhurumiwa kama mtu. Nasema tu kwamba mwanamke aliyekuwa jikoni kwangu aliwahi kuweka akiba namna hiyohiyo, kwenye kopo la maziwa ya unga.

Nikajifunza pia kwamba klova, ule mmea wa majani matatu, zamani ulichanganywa makusudi kwenye mbegu za bustani hapa Marekani, kwa kuwa hujitengenezea naitrojeni na kulisha nyasi za jirani. Kisha ikaja dawa isiyoweza kuua dandelioni bila kuua klova. Basi klova nayo ikaanza kuitwa gugu. Dandelioni ililetwa na walowezi kutoka Ulaya, wakiila na kujitibu nayo. Nyasi tunazozilinda, zile zinazobeba jina la Kentucky, nazo nyingi asili yake ni ng'ambo. Hakuna mwenyeji katika ugomvi huu, nikiwemo mimi.

Lakini kuyajua haya hakukuniondolea mzee wangu. Tumelelewa tukiambiwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na mimi naamini hivyo. Jirani ndiye atakayeona moshi. Huyu wangu, mwaka wa kwanza tulipohamia, alisafisha theluji kwenye njia yetu bila kuombwa, kabla sijajua kwamba koleo la theluji si lile la mchanga. Nina deni kwake, na deni lenye sura lina nguvu. Anayechota maji chini ya mto hana sura. Usemi ule wa wazee ulitungwa wakati kitu unachomwaga uani kwako kilibaki uani kwako, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Sasa ninamfurahisha wa karibu kwa kumtumia wa mbali takataka, na wa mbali huyo ni mama wa mtu amekaa ufukweni.

Nilichofanya hakina unyoofu wa kujivunia. Mche wa mama niliuacha. Sehemu mpya sikuipulizia kitu; hata maelekezo ya chupa yanataka majani machanga yakatwe kwanza mara tatu au nne, na yangu yalikuwa yamekatwa mara mbili. Mchicha uliochipuka humo, na magugu mengine ya msimu mmoja, niliyaachia baridi, maana yanakufa yenyewe sakitu ya kwanza ikianguka. Kuyawekea dawa ni kumpiga risasi anayeaga. Dandelioni za upande wa mzee nilizichimba kwa kisu kirefu, Jumamosi mbili, magoti kwenye tope, mama akikusanya yale majani kwenye bakuli. Klova niliiacha. Na ule mtambao wa kwenye uzio, ambao ukikatika kipande kila kipande kinaota, niliupulizia dawa, kwa mkono, siku isiyo na upepo wala wingu, mama akiwa amelala. Sijui kwa nini nilichagua saa hiyo. Au najua.

Mama aliondoka wiki ya pili ya Oktoba. Theluji ya kwanza ilipoanguka Novemba alinipigia simu.

"Mboga yangu?"

"Imekufa, mama. Kwa baridi."

"Ilizaa mbegu?"

"Ilizaa. Nyingi."

"Basi." Nikamsikia anacheka.

Mfuko wa mbolea ya kupandia bado uko gereji, umebaki zaidi ya nusu. Kuutupa ni kuuhamishia kwa mtu mwingine. Juzi mzee alikuja kurudisha ngazi, akauona juu ya rafu. Akauliza, kama kweli siutumii, kama ningemwachia. Uwanja wake una sehemu mbili zimefifia chini ya mti. Uwanja wake una umri kuliko ndoa yangu, na hajawahi kupima udongo. Nje alikuwa tayari amenisafishia njia. Nilimwambia aingie kwanza, apate chai.