Baba Aliyeshindwa, Je, Bado ni Baba?



Liko swali linalokaa kimya katika nyumba nyingi za wakimbizi. Mwanaume aliyekuwa na shamba, duka au kazi ya heshima kwao, akafika ugenini na kila alichojaribu kikaanguka, je, bado ana nafasi nyumbani mwake?

Mchekeshaji wa Australia, Anh Do, amelieleza jambo hili katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2010, The Happiest Refugee, yaani mkimbizi mwenye furaha kuliko wote. Alizaliwa Vietnam. Baba yake alikuwa jasiri: siku moja alijifanya afisa wa serikali, akaingia katika kambi ya wafungwa na kuwatoa shemeji zake. Mwaka 1980 familia ilikimbia kwa mashua ndogo ya uvuvi. Maharamia waliwavamia, na mmoja akamshika mdogo wake Anh, mtoto mchanga, akitaka kumtupa baharini. Mtoto alinusurika. Meli ya Wajerumani iliwaokoa, wakapita kambi ya Malaysia, ndipo Australia ikawapokea.

Lakini huko kwenye amani, yule jasiri alianguka. Shamba na biashara viliharibika, madeni yakaja, akazama katika pombe. Anh akiwa na miaka 13 hivi, baba aliondoka. Mama alibaki akishona nguo nyumbani ili kuwalea watoto watatu.

Tupime, basi: kosa liko wapi? Kuharibikiwa shamba si kosa. Wengi wetu tulianza upya mikono mitupu, na si kwa kupenda. Kosa ni kuondoka, maana njaa ya watoto haikomi kwa sababu baba anaona aibu.

Mtu atasema, “Wewe hujui aibu ilivyo. Mke ndiye anayepanga foleni ya mgao, mtoto ndiye anayenitafsiria lugha. Mimi nimebaki na nini?” Maumivu hayo ni ya kweli, tusiyadharau. Ila aibu hudanganya. Humwambia baba kwamba watoto walihitaji shamba, kumbe walimhitaji yeye, hata asiye na kitu.

Anh alipokuwa kijana alisafiri kumtafuta baba yake, wakapatana. Sisi tunaujua mfano wa mwana mpotevu; hapa baba ndiye aliyekuwa nchi ya mbali, na mwana ndiye aliyeshika njia. Tena, kusamehe kwake hakukuwa kuficha. Kitabuni ameandika ushujaa wa baba, na ameandika pia pombe na kuondoka. Ameweza hata kutuchekesha, bila kumdhalilisha mzazi wake. Mwaka 2014 picha ya uso wa baba yake, aliyoichora mwenyewe, iliingia fainali ya Archibald, shindano kubwa la wachoraji huko Australia.

Hata hivyo, msamaha wa mwana haukumrudishia mama miaka ile ya cherehani. Basi baba asiondoke leo akitumaini kwamba watoto watamsamehe kesho.

Nasi wengine tuache neno lile tunalolisema upesi mno: “Yule amekwisha.” Aliyeshindwa mara tatu na bado analala kwake, anaamka na watoto wake na kuuliza leo tufanye nini, huyo hajaisha. Ameanza tena.