Kuwasomesha Watoto Nyumbani: Ni Wajibu, Ni Ruhusa, au Ni Udhuru?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na kalamu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), mwalimu wa walimu, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani limezuka suala ambalo wazee wetu hawakuliuliza kwa namna hii: je, tuwatoe watoto shuleni tuwasomeshe wenyewe nyumbani? Twaulizwa msikitini baada ya sala, na twaulizwa barazani. Na mara nyingine huja mke kuuliza peke yake, kisha siku ya pili akaja mumewe na suala lilo hilo, kila mmoja akitaka fatwa ya kumshindia mwenziwe. Kwa sababu hiyo tumeona yatupasa kuandika neno.

Suala hili halikuzuka bure. Shule zote za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa maradhi ya korona, wala hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo kila nyumba ililazimika kuwa shule, itake isitake. Wako wazazi waliogundua kwamba mtoto wao apitishwaye darasa kila mwaka hajui kusoma ukurasa mmoja. Na wako waliogundua kwamba wao wenyewe waweza kufundisha, na kwamba mtoto alihifadhi Qur'ani zaidi alipokuwa karibu nao.

Wala khofu ya wazazi hawa si ya kuchekwa. Bangi na unga vimeharibu vijana wangapi katika mitaa yetu! Lugha chafu mtoto huletewa na wenziwe, na mengine machafu zaidi huletewa na simu. Suala la hijabu shuleni limefika mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2019. Kisha mtoto wetu ana shule mbili: ashinda shuleni mpaka alasiri, ndipo aende chuoni, macho yamelegea na tumbo li tupu. Hivyo Kitabu cha Mwenyezi Mungu hupewa makombo ya siku. Mzazi aonaye haya akaumia, ana moyo ulio hai.

Walakini maumivu si hoja. Natutazame sheria yetu yasemaje.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya At-Tahrim, aya ya 6, tujikinge na Moto sisi na watu wa nyumba zetu. Na Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Basi jukumu la malezi li juu ya shingo ya mzazi. Ampelekaye mtoto shuleni hakulivua jukumu hilo. Amemweka mwalimu kuwa wakili wake. Na sote twajua hukumu ya wakili katika mali: mwenye mali asiyeuliza hesabu, mali ikipotea, hana wa kumlaumu kabla ya nafsi yake. Na amtoaye mtoto shuleni amemwondoa wakili, ameishika kazi yeye mwenyewe. Basi ataulizwa, aliiweza?

Hebu tutazame waliotutangulia. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, wamepokea wanazuoni wa sira kwamba mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikombolea, waliambiwa wawafunze watoto wa Madina kuandika, na hiyo ndiyo iliyokuwa fidia yao. Walimu hao walikuwa washirikina, tena maadui. Walakini ilimu yao ilichukuliwa, na watoto walifundishwa mbele ya macho ya Waislamu. Na mama yake Imamu Malik, mwanamke mcha Mungu, alimvisha mwanawe nguo nzuri, akamfunga kilemba, akampeleka kwa Rabia, na akamuusia ajifunze adabu zake kabla ya ilimu yake. Hakumfungia mtoto nyumbani, wala hakumtupa mlangoni mwa yeyote. Alimchagua mwalimu, na alijua anataka nini kwake.

Sisi watu wa pwani tuna la kuzingatia zaidi. Zamani za Wakoloni wengi katika wazee wetu waliwazuia watoto wasiende skuli, wakichelea wasije wakaritadi, na khofu yao ilikuwa na sababu, kwani nyingi katika skuli hizo zilikuwa za wamishenari. Lakini wengi waliozuia hawakujenga badala yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alipiga ukelele juu ya jambo hili: tusiwaige Wazungu upofu, wala tusiiwache ilimu, na wasichana nao wasomeshwe. Waliosikia walikuwa wachache. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, kazi zikataka watu wa kalamu, na wengi wetu tukabaki kulalamika. Khofu isiyo na mpango haimlindi mtoto, humchelewesha tu.

Basi uamuzi huu hufanywaje? Hufanywa kwa mashauri. Tazameni, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, alipotaja kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, ameshurutisha wazazi wote wawili waridhiane na washauriane. Ikiwa jambo la ziwa, la miezi michache, halikuachiwa mmoja peke yake, seuze jambo la ilimu, lifuatalo mtu umri wake wote! Mume anayesema, "Nimekwisha amua," na mke anayemficha mumewe mpaka karo imekwisha lipwa, wote wameiacha njia hiyo. Na Bwana Mtume (s.a.w.) siku ya Hudaybiya alifuata shauri la mkewe, Ummu Salama, na shauri likawa la kheri. Na Nabii Ibrahim (a.s.) aliyekuwa na amri ya Mola wake mkononi, bado alimuuliza mwanawe aonaje. Basi mtoto naye asikizwe. Pengine ana siri ya kipigo au uonevu shuleni ambayo hakuna aliyemuuliza.

Wakikaa juu ya mkeka, wajiulize masuala haya bila ya kudanganyana.

La kwanza: ni nani atakayesomesha? Mababa wengi husema, "Tutawasomesha," na maana yake ni mama, ambaye tayari apika, afua, anyonyesha. Asomeshe saa ngapi?

La pili: ni nini kitakachosomeshwa? Qur'ani na dini ndiyo mizizi. Lakini hesabu, sayansi na lugha navyo ni ilimu ambazo uma usiokuwa nazo huwa mtumwa wa uma mwingine.

La tatu: serikali yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto ahudhuria shule au mahali pengine palipoidhinishwa. Basi kabla ya kumtoa mtoto, baba na aende ofisi ya elimu akaulize, na ajue mapema mtoto wake atafanya mitihani wapi na kwa njia gani. Kumficha mtoto uani chifu asimwone si kumtegemea Mungu. Ni kumtia mtoto katika shida atakayoilipia yeye akiwa mkubwa.

La nne, na hili twaomba lisomwe mara mbili: msichana. Tumeona nyumba ambazo mtoto wa kiume aendelea na shule, na dada yake ndiye "asomaye nyumbani". Ukiuliza kitabu chake ki wapi, waonyeshwa sufuria. Asubuhi afagia, mchana apika, jioni abeba mtoto wa dadake, na usiku ajibiwa kuwa amechoka, atasoma kesho. Kesho hiyo haiji mpaka aja mchumba. Huku si kusomesha nyumbani. Ni kuidhulumu amana na kuipaka dhulma rangi ya dini, na dini haina hatia na hayo. Bibi Aisha (r.a.) alisoma nyumbani, kweli, na masahaba wakubwa wakaja mlangoni kwake kuuliza ilimu. Nyumba yako ikiweza kumtoa msichana wa kuulizwa, basi na asome nyumbani. Haiwezi, basi mfungulie mlango.

Na lau atasema msemaji: "Mbona masheikh wetu wa zamani walisoma majumbani, hawakuiona skuli, na wakawa maulamaa?" Twamjibu: walisoma katika nyumba za wanavyuoni, darsa alfajiri na darsa baada ya magharibi, kitabu baada ya kitabu, mbele ya mwalimu mwenye ijaza. Nyumba ambayo televisheni yawaka mchana kutwa, na baba hajui mwanawe amefika juzuu gani, haifanani na nyumba hizo ila kwa kuta.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili. Kusomesha nyumbani si wajibu, wala si haramu. Ni ruhusa kwa mwenye ilimu, wakati na subira, aliyefuata sheria ya nchi na kushauriana na ahali yake. Kwa asiyekuwa na hayo ni udhuru tu, na udhuru huo hautamfaa siku ya kuulizwa.

Na wewe mwenye kumpeleka mtoto shuleni, usidhani umesalimika. Mjue mwalimu wake. Funua daftari lake kila usiku. Jumamosi asubuhi, akili yake ikiwa mpya, mpe Qur'ani, usimpe makombo. Baada ya isha kaa naye nusu saa, simu yako iwe mbali kabla ya yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi twaongeza, na asiyefunzwa na babaye pia. Nyumba ni shule kwa hali yoyote, ikiwa mtoto yumo mchana kutwa au arudi jioni. Linalobaki ni kuwa mwalimu wake amefika kazini au hakufika.

Ewe Mola wetu, tutengenezee watoto wetu, waume kwa wake, uwape ilimu yenye manufaa na adabu ya kuichukua. Utusaidie kuitekeleza amana hii kabla ya kuulizwa nayo. Amin.

Wallahu aalam.