Nani Anasema "Inaweza Kusubiri"?

Mwaka 2020, Korona ilipoingia, hospitali nyingi duniani ziliahirisha upasuaji usio wa dharura ili kuokoa vitanda na oksijeni. Sawa, naelewa, daktari akiambukizwa, wengi wanakosa huduma. Lakini ngiri inayoitwa "si dharura" mchana, utumbo ukinaswa usiku inabaki na saa chache tu. Hapa Uganda wakati ule magari binafsi yalizuiwa, bodaboda hazikubeba abiria, na mwanzoni kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari kulihitaji kibali cha RDC. Sasa wenzangu, "subiri" ya anayeishi jirani na chumba cha upasuaji na "subiri" ya mtu wa kambini ni moja? Mimi nasema hapana. Daktari akipima ugonjwa, apime na barabara. Tukipanga foleni, tuhesabu na kilomita.