Faili Mbili za Mvumi

Mashine yenyewe hupima chumvi na madini kwenye maji, na imeunganishwa na kompyuta inayotumia MS-DOS 6.22, toleo la mwaka 1994. Ukiiwasha huoni picha wala dirisha. Unaona herufi C na kistari kinachopepesa, kikisubiri uandike amri. Siku ya kwanza nilipoingia kwenye maabara ile ndogo hapa Dodoma, mhitimu mpya wa kompyuta anayejitolea huku akisubiri ajira, niliicheka. Mzee anayeiendesha hakucheka. "Hii inapima sawasawa, kijana," aliniambia. "Kama imezeeka, hata mimi nimezeeka, na bado nakuja kazini."

Kwenye uwanda huu wa kati kipimo cha maji si jambo la kupuuza. Tuna msimu mmoja wa mvua, mito mingi ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na watu wanategemea visima. Kisima kimoja kinaweza kuwa na maji matamu, na kingine, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kikawa na chumvi ya kukausha midomo. Ndani ya kompyuta ile faili moja ilikuwa kisima kimoja, na jina la faili lilikuwa jina la mahali kisima kilipo. Majina hayo ndiyo niliyoyapoteza mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na nia njema kabisa.

Inabidi nieleze kidogo. DOS, iliyotoka mwaka 1981, ilimruhusu mtu kuipa faili jina la herufi nane, nukta, kisha herufi tatu. Basi. Kwa anayeandika BARUA hakuna shida. Kwa anayetaka kuandika "Mvumi Makulu kisima cha shule" shida ipo. Windows 95 ilipokuja, Agosti 1995, watu waliahidiwa majina marefu, lakini dunia ilikuwa imejaa diski na programu zilizojua majina mafupi tu. Wahandisi wangeweza kuanza upya na kuziacha zote nje. Hawakufanya hivyo. Walilikata jina refu vipande vya herufi 13, wakaviweka kwenye orodha ileile ya faili, kila kipande kikiwa na alama nne kwa pamoja: kusomwa tu, imefichwa, mali ya mfumo, lebo ya diski. Hakuna faili ya kawaida yenye alama zote nne. DOS ikikutana na kipande kama hicho inaona hakiihusu, inapita. Chini yake wakaiachia jina fupi ililolizoea.

Kwa hiyo kwenye maabara yetu mambo yalikuwa hivi. Kadi ya kumbukumbu ilitolewa kwenye mashine ya DOS na kupelekwa chumba cha pili, kwenye kompyuta ya Windows, ambako watu walionitangulia walikuwa wamezipa faili majina kamili. Ikirudi kwa Mzee, yeye aliona MVUMIM~1 na MVUMIM~2. Ya kwanza ilikuwa Mvumi Makulu, ya pili Mvumi Mission. Herufi sita za mwanzo zinafanana, basi kompyuta ikazipa namba kwa kufuata iliyotangulia kufika. Kila upande uliishi na majina yake na hapakuwa na ugomvi.

Mimi nikaja na mpango. DOS ya namna ile haiwezi kutumia kizigeu cha diski kinachozidi GB 2, na haiujui mfumo wa faili wa FAT32, uliokuja mwaka 1996. Flashi kubwa unazonunua leo huja na exFAT, ya mwaka 2006, ambayo kwa mashine ile ni kama haipo kabisa. Nilitaka kuweka FreeDOS, ambayo Jim Hall aliianzisha mwaka 1994 akiwa mwanafunzi huko Marekani, ili walioipenda DOS wasiachwe njiani. Hiyo inasoma FAT32. Kabla ya kazi yenyewe nikaona nisafishe nyumba: nikachukua programu ya DOS yenyewe ya kupanga diski, nikaiamuru ipange faili kwa mfuatano wa majina. Ilimaliza bila kulalamika. Nilipoichomeka kadi kwenye Windows, majina marefu yote hayakuwepo. Vipande vya jina lazima vikae juu ya jina fupi lao, bila kitu katikati; programu ilikuwa imehamisha majina mafupi na kuviacha vipande yatima.

Nakala? Ndiyo nilikuwa najiandaa kuitengeneza. Najua.

Kosa ni langu na sitalikwepa. Lakini nilikaa siku nyingi nikijiuliza kuhusu ile programu. Haikuharibika, wala haikuasi. Ilifanya kwa uaminifu kazi iliyofundishwa, juu ya vitu ilivyofichwa. Je, ni haki kumlinda mkongwe kwa kumficha, kisha kumlaumu siku atakapokanyaga ulichomficha?

Swali hili nililijua kabla sijajua kompyuta. Babu yangu alilima uwele pembezoni mwa mji. Mji huu ulichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukakaa ukingoja, na serikali ilipohamia kweli, kuanzia mwaka 2016, mashamba ya pembezoni yakaanza kugeuka viwanja. Wapimaji walipofika kwetu, baba zangu wadogo walikubaliana Babu asiambiwe. Ana presha, walisema, acha alime kwa amani. Bikoni zikachimbiwa pembeni mwa shamba lake. Msimu ulipoanza, Babu akaenda na jembe lake, akakuta mawe asiyoyajua, akayang'oa na kuyapanga vizuri chini ya mbuyu. Nyumbani kulikuwa na kelele siku ile! Babu alisikiliza zote, kisha akasema, "Mngeniambia kuwa ni mawe ya watu."

Mfano huu una kasoro, nakiri. Babu angeweza kuambiwa, na DOS haiwezi. Wahandisi wa mwaka 1995 hawakuwa na njia ya kurudi nyuma na kuzifundisha diski zilizokwishauzwa, na kwa hilo nadhani walitenda vyema kuliko wengi ambao wangevunja tu. Walitahadharisha kwamba programu za zamani za kutunza diski zinaweza kuharibu majina marefu. Tahadhari ilikuwepo, haikunifikia mimi, haikumfikia Mzee. Mashine haikuweza kuambiwa, lakini watu wanaoigusa wangeweza. Miaka yote ile Mzee hakuwahi kuelezwa kuwa faili zake zina majina mengine chumba cha pili. Walidhani hayamhusu.

Upande mwingine wa jambo hili uko Kongwa, mashariki ya hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, ikipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na Kongwa ndiko walikoanzia. Walileta hata matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Wagogo waliishi humo na ng'ombe na mtama wao, wakijua miaka ambayo mvua haifiki na udongo unaokauka ukawa kama tofali. Waliokuja hawakuusoma udongo ule kabla ya kuanza kuuandika. Karanga zilinasa ardhini, mvua ikakosa, na Januari 1951 mradi ukafutwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36. Kule hakuna aliyemficha mzee kitu. Hakuna hata aliyemuuliza.

Wanaotengeneza mifumo ya faili wana desturi moja ninayoiheshimu kuliko zote za fani yetu. Wanapofundisha mfumo mmoja lugha ya mwingine, huanza na kusoma. Linux iliweza kusoma diski za NTFS za Windows miaka mingi kabla watu hawajaiamini kuandika humo. Ukisoma vibaya utapata jibu la ovyo. Ukiandika vibaya umeharibu cha mwenzako. Wapo wanaoita huo ni woga, na wakati mwingine kweli ni woga. Diski inayosomwa tu haikui, na mashine ya Mzee itakufa siku moja na vipimo vyake tumboni tusipothubutu kuigusa.

Wengine huniambia, nunueni mpya muachane na hayo. Ni kama reli: treni ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024 kwenye njia yake yenye upana wa milimita 1,435, na hakuna aliyejaribu kuipitisha kwenye reli ya mita moja ya enzi za Wajerumani. Sawa. Lakini kifaa kama kile hakipatikani kwa bei ya maabara yetu, na reli ya zamani nayo haijang'olewa.

Nilimweleza Mzee kila kitu, kuanzia alama nne mpaka yatima. Aliuliza maswali mazuri kuliko ya walimu wangu. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari la jalada gumu. Kila kipimo tangu alipoanza kazi kilikuwa humo: tarehe, kina cha kisima, namba fupi ya faili. Kwa wiki mbili tulikaa tukilinganisha, yeye akisoma, mimi nikiandika, na karibu majina yote yakarudi. FreeDOS sasa iko kwenye kadi ya pili, pamoja na programu ndogo iitwayo DOSLFN inayoiwezesha DOS kuona majina marefu. Mzee ameikubali kwa sharti moja: kadi yake isomwe tu, isiandikwe, mpaka yeye mwenyewe aseme.

Zilibaki faili mbili za Mvumi. Visima vile vilipimwa siku moja, kina kinakaribiana, na kwenye daftari maji yalikuwa yamemwagikia mstari wenye namba. Moja ilionyesha maji mazuri, nyingine chumvi iliyopita kiasi. Hatukuwa na namna ya kujua ipi ni ipi, na barua za ushauri kwa vijiji zilikuwa zinasubiri.

Tukaenda na chupa mbili. Tulianza na kisima cha Mvumi Makulu, ambako mama mmoja alikuwa akijaza ndoo. "Mbukwa," Mzee akamsalimu. "Mbukwa," akaitikia, kisha akatazama chupa zetu. "Si mlishapima hapa?"

Mzee alinitazama mimi. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba tulipima kweli, na kwamba mimi ndiye niliyepoteza jina la kisima chake, kwa hiyo hatujui tena majibu yapi ni ya hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupampu.

"Sasa mwanangu, si ungetuuliza," akasema. "Haya tunapikia maharage yanaiva. Chumvi iko kule."

Tulijaza chupa hata hivyo. Mzee akaandika tarehe kwenye daftari, akaandika jina la mahali kwa kirefu, tukaondoka kuelekea kisima cha pili.