Kimya cha Mgonjwa si Kutoweka kwa Akili

Mgonjwa akilala hali hawezi kuinua mkono wala kunena, je, ana fahamu au hana? Swali hili si la matabibu peke yao. Juu yake husimama sala ya mtu, wasia wake, minazi yake, na heshima yake mbele ya wanawe. Na katika miji yetu kama Bodo, ambako mgonjwa hulala nyumbani mikononi mwa jamaa zake, wao ndio watakaolijibu kwanza.

Yapo maradhi ambayo Jean-Martin Charcot, tabibu wa Paris, aliyaeleza mwaka 1869. Huziua neva zichukuazo amri ya ubongo kwenda kwenye misuli. Viungo hudhoofika, ulimi hulemaa, mwisho pumzi hushindwa. Lakini kusikia husalia, na kwa wengi macho ndiyo ya mwisho kuacha kutii. Stephen Hawking, mwanachuoni wa Uingereza, alitambuliwa kuwa nayo mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akaambiwa amebakiwa na miaka kama miwili. Aliishi hata mwaka 2018, akatunga vitabu hali hawezi kusema.

Basi kosa letu ni kuufanya mwendo wa kiwiliwili kuwa alama pekee ya akili. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakufanya hivyo. Asiyeweza kusimama husali ameketi. Asiyeweza kuketi, amelala. Kisha kwa ishara ya macho. Kisha moyoni tu, wala faradhi haimwondokei madamu akili ipo. Kwa hukumu hiyo wamekiri kwamba mtu aweza kuwa na akili timamu pasipo kutikisika hata ukope. Na kanuni yao ni kuwa yakini haiondoshwi na shaka. Akili ya mgonjwa ilikuwa yakini. Kimya chake ni shaka. Adaiye kuwa imeondoka ndiye atakiwaye dalili.

Atasema mtu: huenda maradhi yameifikia akili yenyewe. Ni kweli, baadhi ya wagonjwa hawa hupungukiwa na busara, na wachache huharibikiwa sana. Kwa hiyo hatuna budi kupima, na kupima kwa uaminifu. Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walitangaza kuwa wagonjwa wanne wasioweza kutikisa chochote wamejibu ndiyo na la kwa mashine ipimayo damu ya ubongo. Mwaka 2019 jarida liliitangua makala hiyo kwa kasoro zake. Mwaka 2022 baadhi yao wakatoa khabari ya mgonjwa mwingine, aliyetiwa vyombo ndani ya ubongo, akaunda maneno kwa herufi kama moja kwa dakika. Twajifunza kuwa tamaa ya kusikia jawabu yaweza kulitunga, na kukata tamaa kwaweza kulizika.

Sisi hatuna mashine hizo, lakini tunayo subira. Maradhi yangali mwanzo, jamaa na wapatane na mgonjwa juu ya ishara: kutazama juu ni ndiyo, kufumba macho ni la. Na aulizwe kwanza yale ambayo jawabu lake lajulikana, kama jina la mamaye au la dau alilovulia. Aulizwe asubuhi na jioni, siku mbali mbali, kwani uchovu huficha fahamu. Na khabari ikiwa ni ya mali, aulize mtu asiye na fungu katika urithi.

Siku ya kutojibu kabisa ikija, tusiseme hayupo, tuseme hatukumfikia. Asemeshwe kwa jina lake, aambiwe kabla ya kugeuzwa, wala mali yake isigawanywe naye yu hai. Kumsemesha asiyesikia hakutudhuru kitu. Kumteta asikiaye ni dhuluma ambayo mwenyewe hawezi hata kuishitakia.

Wabillahi taufiki.